Sita kwa Nne kwa Moja

Arobaini ya mama ilipokwisha tuligawana vyombo,
Newala, ukungu ungali umekaa mlangoni.
Mimi nilipata kinu, na mwiko uliopinda.
Dada Somoe hakutaka kinu.
Alitaka kikombe:
kile cha bati, cheupe, chenye ua la buluu,
kilichobabuka ukingoni,
alichopimia mama kashata tangu hatujaota meno.
Akakifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga,
akapanda gari la Masasi.
Nikasema basi, dada kaondoka na kashata.

Siku tatu nililitazama jiko, nalo likanitazama.
Ya nne nikiwa nabangua korosho
nikakisikia kinywa cha mama, si kikombe chake:
“Korosho tatu, sukari mbili, maji nusu.”
Na ile nusu ilipomkera, alizidisha vyote kwa mbili:
“Sita, nne, moja. Sasa hakuna anayechechemea.”
Sita nini, mama?
“Sita chochote!
Ila ulichopimia korosho ndicho upimie sukari,
ndicho hicho upimie maji.
Ukibadili chombo katikati ya safari
umejipiga kangomba mwenyewe.”

Nyuma ya nyumba palikuwa na kopo la siagi.
Nikalisugua kwa majivu mpaka likang'aa.
Sita. Nne.
Maji moja, na maji ya Newala tunayajua,
ndoo ina bei, sikumwaga tone.
Zilipopoa nikavunja moja.
Ikalia ka!
Nikakaa chini, nikalia na mimi.

Kisha Mzee Nanjota wa Kitangari akaoza binti.
Watu mia na themanini, kila mtu kashata mbili.
Kopo langu, kwa sita na nne na moja, hutoa thelathini.
Nikachora kwa mkaa ukutani:
mia tatu na sitini, gawa kwa thelathini,
kumi na mbili.
Korosho makopo sabini na mawili,
sukari arobaini na nane,
maji kumi na mawili.
Jirani akauliza kama nafungua duka.

Lakini iliki haikukubali hesabu.
Nilipofika kijiko cha saba pua ikasema tosha,
nikaisikiliza pua.
Moto nao hauzidishwi:
sufuria kubwa haikungoja mara kumi na mbili,
ilichemka kwa muda wake, kwa kiburi chake,
nami nimesimama na mwiko uliopinda
nikisubiri uzi wa sukari uninyookee.
Haya mama hakuyatia kwenye namba.
Labda alidhani yanajulikana.

Mwezi wa kumi dada akarudi, kikombe mkobani.
Hakusalimu vizuri.
“Zangu zinamomonyoka. Masasi nzima wananicheka.
Kikombe ni kile kile, Esha. Umekifanya nini?”
Nikamwambia, pima nikuone.
Korosho akazijaza mpaka zikafanya kilima,
nyingine zikiporomoka kwenye mkeka.
Sukari, kwa kuwa ni ghali,
akaikata kwa kidole, sawa na ukingo,
na pale palipobabuka akapunguza tena.
“Dada,” nikasema, “hiyo si sita. Hiyo ni nane.
Na hiyo nne yako haijafika nne.”

Alinyamaza. Akakitazama kikombe
kama mtu aliyemlisha mgeni mwaka mzima
akidhani ni ndugu.

Korosho za ndani zilikuwa zimebaki ukomba.
Nikachukua kijiko, kijiko cha chai tu cha kawaida:
sita, tukakata juu kwa kisu;
nne, tukakata;
maji, akamimina yeye, moja.
Zikatoka mbili.

Tulipozigawa kisu kiliteleza,
moja ikawa kubwa, nyingine ndogo.
Somoe akachukua kubwa.
Kama kawaida yake.